Supu Inataka Chumvi

Jumapili moja, jikoni mwa nyumba fulani mtaani Kypseli, Athens, bibi mmoja Mgiriki alionja supu, akarudisha kijiko kwenye sahani, akasema maneno mawili: theli alati.

Mimi, msomi, mwenye digrii moja kabatini na ya pili njiani, nikapiga hesabu haraka haraka kichwani. Thelo ni "I want". Thelis ni "you want". Theli ni "he wants" au "she wants". Alati ni chumvi. Basi kuna mtu anataka chumvi. Nani sasa? Tulikuwa watatu tu. Mimi sikuitaka. Bibi mwenyewe kama angeitaka angesema thelo. Nikachukua kichupa cha chumvi, nikampelekea mama yangu mdogo aliyekuwa amesimama kando ya jiko.

Anti alikiangalia kile kichupa. Akaniangalia mimi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"We, ni supu inataka chumvi, si mimi. Kwani huko nyumbani mchuzi hautakangi chumvi?"

Hutaka, jamani. Mchuzi hutaka chumvi, shamba hutaka mvua, gari hutaka kuoshwa, bawaba za mlango hutaka mafuta. Nimesema hivyo tangu nijue kusema. Lakini pale mezani sentensi hiyo haikunijia, kwa sababu nilikuwa nimepeleka maneno ya yule bibi kwa Kiingereza kwanza, na Kiingereza nilichofundishwa hakiruhusu supu kutaka kitu. Kutaka ni kwa watu. Supu ina neno lake jingine. Kwa hivyo nilitafuta mtu, na mtu hakuwepo.

Tangu siku hiyo nina ugomvi, na nimeuleta hapa. Nagombana na desturi yetu ya kupitisha kila tunachojifunza kwenye Kiingereza, hata pale Kiswahili kinapotupa njia ya mkato. Tunaichukulia desturi hiyo kama dalili ya usomi. Mimi naiona kama ushuru tunaolipa bila risiti. Na ushahidi wangu ni kitenzi kimoja tu, kitenzi ambacho Mgiriki hamalizi asubuhi bila kukitumia: θέλω. Thelo. Kutaka.

Kwanza mjue shahidi wangu. Mama yangu mdogo aliacha shule baada ya darasa la saba. Kiingereza chake ni kama sufuria ya kuazima: anakitumia akilazimika, kisha anakirudisha upesi kabla hakijapata kovu. Nikiwa kidato cha pili nilikuwa namsahihisha mbele ya wageni. Watu wa nyumbani walikuwa wanacheka, naye anacheka pia, kwa sababu afanye nini? Alipotafuta kazi ya nje, wakala mmoja pale Nairobi alimhoji kwa Kiingereza, kisha akamwambia aende akajifunze lugha ndipo arudi. Lugha! Mwanamke anayesema Kiswahili, Kibukusu cha kwao na Kikikuyu cha majirani wa Kawangware, aliambiwa akatafute lugha kana kwamba amekuja bubu.

Alifika Athens kwa njia nyingine, akaajiriwa kumtunza bibi wa miaka themanini na kitu asiyejua Kiingereza hata neno moja. Baada ya miezi minane Anti alikuwa anabishana na muuza samaki kwa Kigiriki kuhusu bei, na anashinda.

Mimi nilikuja miaka minne baadaye kusomea shahada ya uzamili inayofundishwa kwa Kiingereza. Kabla ya safari nilikuwa nimekaa mwaka mzima na programu ya simu, dakika kumi na tano kila usiku, bila kukosa. Programu hiyo ilimfundisha Kigiriki mtu anayejua Kiingereza. Ukitokea Kiswahili, hakukuwa na mlango. Nikaingilia mlango uliokuwepo. Nilitua Athens nikiwa na uwezo wa kusema kwamba farasi anakula tufaha. Kuomba kilo ya nyanya sokoni, zero.

Nikikumbuka sasa, nilikuwa kama mtu wa Rongai anayetaka kwenda Kiserian, akapanda matatu ya tao, akalipa nauli, akakaa kwenye jamu ya Lang'ata Road, akafika tao, kisha akapanda gari jingine la kumrudisha alikotoka hadi Kiserian. Atafika, ndiyo. Lakini atafika usiku, amechoka, na kesho yake atawaambia watu kwamba Kiserian ni mbali.

Tuanze na sauti. Kigiriki cha leo kina irabu tano: a, e, i, o, u. Hizo hizo zetu. Thelo inaishia na o ya moto, ya soko, ya mtoto. Wenzangu darasani waliolelewa kwa Kiingereza walikuwa wanaivuta ile o mpaka inaota mkia wa u, na mwalimu anawakata kila mara. Herufi ya kwanza, θ, ni th ya themanini. Ukitaka kukataa, unasema dhen thelo, sitaki, na ile sauti ya mwanzo ni dh ya dhahabu. Kiingereza kinaandika sauti hizo mbili kwa th moja na kukuachia ukisie. Kiswahili kilishazitenga zamani. Maziwa ni ghala, na hiyo gh ni ya ghali na ghorofa. "Bila" ni khoris, na hiyo kh unaijua ukisema kheri. Nakubali, sisi wa bara tunazivunja sauti hizi karibu kila siku. Lakini tunajua ziko wapi. Tulizisoma darasani, na watu wa pwani wanazo mdomoni. Herufi tunazoandikia Kiswahili zinatosha kuandika matamshi ya Kigiriki bila jasho jingi. Nimezitumia tangu juu na nadhani bado hujakwama.

Njoo kwenye umbo la kitenzi. Thelo, thelis, theli, thelume, thelete, thelun. Nataka, unataka, anataka, tunataka, mnataka, wanataka. Programu ya simu ilinieleza jambo hili kama muujiza: eti katika Kigiriki neno moja hubeba mtendaji na tendo pamoja, eti "mimi" huweza kuachwa, eti usishangae. Nikashangaa kwa utiifu. Ilinichukua wiki kadhaa kuacha kusema egho thelo, egho thelo, "mimi nataka, mimi nataka", kama mtoto anayejipiga kifua kwa keki. Mimi ambaye sijawahi kuhitaji "mimi" ili niseme nataka! Tofauti yetu na Wagiriki hapo ni mahali pa kufungia mzigo. Sisi tunamfunga mtendaji mbele ya kitenzi, wao wanamfunga nyuma. Dakika mbili za maelezo kwa Kiswahili zingetosha.

Halafu kuna lile somo lililowaliza watu.

Kigiriki cha leo hakina umbo kama la ku- yetu katika kusoma au kwenda. Cha kale kilikuwa nalo. Likafifia polepole kwa karne nyingi, na limeacha mabaki yanayotembea kama majina ya kawaida: fai, chakula, zamani lilikuwa "kula", fili, busu, zamani lilikuwa "kupenda". Mgiriki wa leo akitaka kwenda husema thelo na pao, yaani "nataka niende". Akitaka wewe ndiwe uende, thelo na pas: nataka uende. Akitaka yule aende, thelo na pai: nataka aende. Hiyo na ya katikati si na yetu ya chai na mandazi. Ni kijineno kinachotangulia kitenzi cha namna hiyo, kazi ambayo sisi tunaifanya kwa kugeuza a ya mwisho kuwa e.

Darasa la jioni nililohudhuria, la watu wanaojitolea kufundisha wageni, lilikwama hapo wiki mbili. Ubao ulijaa mishale. Mwalimu alikuwa mtu mzuri, mwenye subira, na alieleza kila kitu kwa Kiingereza kwa sababu sisi wenyewe siku ya kwanza tulimwambia ndicho tunachokijua. Akaandika "I want that I go", akasema, najua inasikika ajabu. Nami nikaandika kwenye daftari langu: inasikika ajabu. Mkenya niliyekua nikiambiwa "mama anataka uje" nikaiona sentensi ya nyumbani kuwa ya ajabu, kwa sababu nilikuwa naitazama kwa miwani ya mtu mwingine. Hilo ndilo linaloniuma. Kuchelewa mtu huvumilia. Lakini nilifundishwa kukiona kigumu kitu ambacho nilikuwa nacho tangu nyonyoni.

Jumapili iliyofuata nilimwuliza Anti yeye aliwezaje. Hakuelewa swali. "Aliniambia nije, nikaja. Hapo kuna nini ya kuweza?" Kisha akafungua droo na kutoa daftari la shule, la karatasi 96, jalada limelegea, kona zimenona kwa mafuta ya kupikia.

Nilikuwa nimeliona hilo daftari miezi michache kabla. Nilikuwa nimelicheka. Nilimwambia, "Anti, Kigiriki hakiandikwi hivi," nikamchorea alfabeti nzima kwenye ukurasa wa nyuma, nikajiona nimemsaidia. Siku hiyo nililisoma kwa mara ya kwanza. Upande wa kushoto Kiswahili, upande wa kulia Kigiriki kwa herufi zetu, kama alivyokisikia:

Sitaki – dhen thelo.
Nataka uje – thelo narthis.
Wanakutaka kwa simu – se thelun sto tilefono.
Utakavyo – opos thelis.
Utake usitake – thelis dhe thelis.
Bila kutaka, bahati mbaya – khoris na to thelo.
Inataka chumvi – theli alati.
Inataka subira – theli ipomoni.

Hebu isome tena hiyo orodha polepole. Thelis dhe thelis: unataka, hutaki. Utake usitake. Maneno mawili yanayopingana yamesimamishwa bega kwa bega kumwambia mtu kwamba hana chaguo. Kwenye programu yangu msemo huo ulikuja na tafsiri ya maneno sita ya Kiingereza, na kitenzi chenyewe kilikuwa kimebadilika kuwa kupenda. Anti aliweka shilingi juu ya shilingi, zikalingana.

Na huyu ndiye aliyeambiwa akatafute lugha.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nipitwe na kituo changu cha basi. "Nitaenda" kwa Kigiriki ni tha pao. "Utaenda", tha pas. Hiyo tha ndiyo alama ya wakati ujao, na iko kwenye kila sentensi ya kesho. Nilikuwa nimeikariri mwaka mzima kama mtu anavyokariri namba ya siri. Kumbe tha ni mtoto wa thelo. Hapo zamani watu walisema thelo ina, "nataka kwamba", kisha kitenzi. Ina ikachakaa ikawa na. Thelo na theli vikafupishwa vikawa the. The na, the na, karne kwa karne, ulimi ukachoka, ikabaki tha. Baadhi ya nyimbo za zamani za vijijini bado zina hiyo the na, haijakatwa.

Rudi kwetu. Nitaenda: ni, ta, enda. Hiyo -ta- imetoka wapi? Wanaisimu wanatuambia imetoka kwenye -taka. Nataka kwenda ikachakaa vilevile, ka ikaanguka njiani, ikabaki nitaenda. Watu wawili wasiojuana, mmoja kwenye mwambao wa Mediterania na mwingine kwenye mwambao wa Bahari ya Hindi, walitaka na kutaka mpaka kutaka kukawa kesho. Na ukisema "nitataka", kama Mgiriki anaposema tha thelo, umekitumia kitenzi kilekile mara mbili katika neno moja, babu na mjukuu wakitembea pamoja, na hukujua.

Nairobi njia hiyo bado inapitwa kila siku mbele ya macho yetu. Mvua inataka kunyesha. Simu inataka kuzima. Hakuna anayedhani wingu lina nia au betri ina tamaa. Ni kesho inayochungulia kupitia kutaka. Ndiyo maana bibi wa Kypseli na mama yangu mdogo waliweza kuachia supu nayo itake chumvi yake kwa amani.

Sisemi ni Kiswahili na Kigiriki peke yao. Waalbania, Wabulgaria na Waserbia, majirani wa Wagiriki, nao waliunda kesho yao kutokana na kutaka. Hata Kiingereza: ile "will" yao zamani ilikuwa kutaka. Sijaja hapa kukifanya Kiingereza adui. Kama kingefundishwa kwa kina, pengine nacho kingenifikisha huko. Ninachokataa ni kukifanya kizuizi cha polisi ambapo kila gari lazima lisimame, hata gari linalotoka upande mwingine kabisa.

Tena tusijidanganye kwamba Mwingereza ndiye aliyetujulisha kwa Wagiriki. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki, jina lake halikuhifadhiwa, alitunga mwongozo wa safari na biashara za Bahari ya Eritrea. Humo ameieleza pwani yetu, akiiita Azania, hadi soko aliloliita Rhapta. Anasema watu wa Mouza, kule Uarabuni, walikuwa wanatuma huku manahodha na mawakala Waarabu, watu waliozoeana na wenyeji, waliooana nao na kuijua lugha yao. Yaani karibu miaka 2000 iliyopita Mgiriki aliona jambo hili linafaa kuandikwa: anayefanikiwa pwani ile ni yule anayeijua lugha ya pale. Wakati huo Kiingereza kilikuwa hakijazaliwa. Maneno nayo yalisafiri bila pasipoti ya London. Falsafa ni ya Kigiriki, ikapitia Kiarabu, ikashuka kwetu. Almasi, hivyo hivyo. Kalamu unayoandikia, hivyo hivyo.

Najua mtakayonijibu. Nimeshayajibu mwenyewe usiku.

Mtasema vitabu viko kwa Kiingereza. Ndiyo, kwa sababu watu waliketi wakaviandika kwa Kiingereza. Havikuota kama uyoga. Msomaji wa kwanza wa Kiingereza aliyejifunza Kigiriki naye hakukuta programu ya simu.

Mtasema Kiswahili si lugha ya mama yangu. Hata mimi. Kwetu ni Kibukusu, na Kibukusu nacho kina mtendaji wake aliyefungwa mbele ya kitenzi. Kama Kikamba, Kimeru au Dholuo ndicho kitakachokufikisha, panda hicho. Nasema Kiswahili kwa sababu ndicho tunachoweza kukaa ndani yake wengi kwa pamoja na kulipa nauli moja.

Mtasema Kigiriki kina mambo ambayo Kiswahili hakiwezi kukusaidia. Kweli kabisa. Majina yao yana jinsia tatu, na miisho yake hubadilika kulingana na kazi ya neno katika sentensi. Na kuna mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi, tumemaliza. Wao mkazo unahama. Póte, ukikaza mwanzo, ni "lini". Poté, ukikaza mwisho, ni "kamwe". Kwa ulimi wangu wa Kiswahili zote zilikuwa "lini". Bibi aliniuliza kama nimewahi kuvuta sigara. Nikataka kusema kamwe, nikamjibu "lini", naye akaniangalia kama mtu anayepanga nikavutie wapi. Hapo Kiingereza kingenifaa zaidi, maana nacho kinahamisha mkazo wake. Sawa! Mahali Kiingereza kinafaa, kitumike. Ndivyo fundi anavyochagua bisibisi kwenye boksi lake. Shida yetu ni kwamba tuna boksi zima na tumefundishwa kuona chombo kimoja.

Tumefundishwa vipi, mnajua. Kwenye shule yangu ya msingi kulikuwa na diski, kipande cha mbao chenye kamba. Ukishikwa unasema Kiswahili nje ya somo la Kiswahili, unavishwa, nawe unamvizia mwenzako umpokeze kabla kengele ya jioni haijalia. Aliyelala nayo alijua asubuhi inamngoja nini. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini ile mbao ilitangulia kwenye shingo yangu kabla Katiba haijafika kwenye masikio yangu. Siku hizi hakuna anayenivisha. Pale Kypseli, nikiwa na kichupa cha chumvi mkononi, nilikuwa nimejivisha mwenyewe.

Na hapa natoka kwa Kigiriki kidogo, kwa sababu najua wengi wenu hamjifunzi Kigiriki. Mnajifunza Kijerumani mpate kwenda kusomea uuguzi. Mnajifunza Kikorea kwa sababu ya drama. Mlisoma Kifaransa shuleni, na mlipofika kwenye "je veux que tu viennes" mkaambiwa hii ni hali ngumu, karirini jedwali. Nataka uje. Ni hiyo tu. Ile "viennes" iliyotutoa machozi ni "uje", ambayo mtoto wa miaka mitatu wa Kayole anaitumia akimwita babake: nataka uje! Kama mwalimu angeiandika ubaoni asubuhi ile, tungeenda mapumziko mapema.

Kwa hivyo naomba kitu kidogo, na hakihitaji wizara wala wafadhili. Lugha yoyote unayojifunza, pasua ukurasa wa daftari lako katikati. Upande mmoja iweke hiyo lugha, upande wa pili Kiswahili, au lugha ya nyumbani kwenu. Usitafsiri kutoka kwenye tafsiri ya Kiingereza. Nenda kwenye sentensi yenyewe, ukae nayo, ujiulize: sisi tungesemaje hapa? Mara nyingine utakuta ukuta, kama nilivyoukuta kwenye póte na poté. Mara nyingine utakuta supu inataka chumvi, na utacheka peke yako kwenye basi. Kisha usilifiche hilo daftari. Piga picha kurasa zake, mtumie mwenzako. Walimu, ruhusuni Kiswahili ubaoni. Wachapishaji, mnaosema hakuna soko: kuna wanawake wa Kenya huko Ugiriki, Lebanoni na nchi za Ghuba ambao wameshaandika sarufi nzima kwa mkono, usiku, baada ya kazi, na hakuna mtu amewahi kuwaomba waionyeshe.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilikataa kuinama kwa sababu mvunguni palikuwa na daftari la mtu wa darasa la saba. Mwezi wa tatu mwaka huu nilikwenda ofisi moja ya Athens kufuatilia karatasi zangu za kuishi. Karani hakutaka kusikia Kiingereza changu, na Kigiriki changu kilinikauka mdomoni. Anti, aliyenisindikiza tu, alisogea mbele akasema polepole, tha ithela, yaani "ningependa", kisha akaeleza shida yangu yote kwa sentensi nne. Karani akamwita kiria, bibi, na kumpa kiti. Mimi nilisimama nyuma yake nikishika faili, kama vile alivyokuwa akisimama nyuma yangu miaka yote ile wageni wakija.

Nimewahi kuchapisha insha tisa. Zote kwa Kiingereza. Kila mara nilimtumia linki, naye alinijibu kwa alama ya moyo, na sikuwahi kumwuliza ameisoma. Wiki iliyopita nilimpigia nikamwambia naandika kuhusu yeye, kuhusu daftari, na kuhusu ile siku ya chumvi. Nilidhani atauliza nitasema nini. Aliuliza naandika kwa lugha gani.

Nikamwambia kwa Kiswahili.

Akanyamaza kidogo. Nilisikia maji yakimwagika kwenye sinki upande wa pili, kisha yakafungwa.

"Basi nitumie," akasema. "Hiyo nitaisoma mwenyewe."